Ukitaka kuonyesha filamu ya nguvu za makampuni Moshi, anza na bei ya kahawa

Anayetaka kuandaa onyesho la bure la filamu kuhusu nguvu za makampuni, pale Chuo Kikuu cha Ushirika au ukumbi mwingine wa Moshi, namshauri achague filamu inayogusa kahawa. Wengi hukimbilia The Corporation ya mwaka 2003. Ni filamu nzuri, lakini ina dakika 145 na mifano yake mingi ni ya Marekani. Ikiisha watu wamechoka, na hasira waliyobaki nayo haina pa kwenda. Black Gold ya mwaka 2006 ina dakika 78 tu, nayo inamfuata Tadesse Meskela wa ushirika wa Oromia, Ethiopia, akihangaika kuwatafutia wakulima wake bei nzuri. Mkulima wa Kibosho au Marangu hahitaji kuelezwa mara mbili. Hata hivyo filamu ni nusu ya kazi, tena nusu ndogo. Nguvu ya kampuni kubwa imo ndani ya bei, na bei lazima watu waifuatilie wenyewe.

Ndiyo maana mjadala uanze na karatasi. Waombe wakulima waje na stakabadhi zao za chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), kisha andikeni ubaoni safari nzima: kahawa ya maganda inavyopimwa kijijini, malipo ya awali, makato, kukobolewa, kupangwa madaraja, mnada, hadi meli. Kila kituo ulizeni nani anaijua bei kabla ya mwenzake, na nani anaweza kusubiri. Msafirishaji wa kahawa nje ya nchi anaiona bei ya soko la New York kwenye simu, ana ghala na mkopo wa benki; mkulima ana ada ya shule ya Januari. Hapo ndipo historia inapopata maana. Mgao wa mauzo chini ya mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika Julai 1989, bei ikaporomoka. Msimu wa 1994/95 makampuni binafsi yakaruhusiwa kununua vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya dunia ikashuka kupita kiasi. Wakulima wengi wa mlima Kilimanjaro wakaacha kuihudumia mibuni, wengine wakaing'oa wapande mazao mengine. Hakuna kampuni iliyotuma mtu na panga. Nguvu ya namna hiyo haina sura ya kupigwa picha, na ndiyo inayostahili kikao kizima cha maswali.

Utaambiwa filamu hizi huegemea upande mmoja. Ni kweli, na Watanzania tunalijua hilo vizuri: Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, kuhusu sangara wa Mwanza, ilimfanya Rais Kikwete aikemee hadharani mwaka 2006, na wakosoaji walisema madai yake ya silaha kuletwa na ndege za kubeba samaki yamedokezwa kuliko kuthibitishwa. Dawa yake ni kumwalika msafirishaji na kumpa muda sawa na mkulima, naye aulizwe maswali yale yale ya ubaoni. Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, ushirika umekuwa bora? KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro kilichozaliwa mwaka 1933 kutokana na chama cha wakulima cha 1925, ni fahari ya mlima huu, lakini serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na kuvirudisha miaka ya 1980, na malalamiko ya madeni na malipo kuchelewa hayakuletwa na wageni. Wanunuzi binafsi walipata kahawa kwa sababu walilipa taslimu. Ukiufanya ushirika malaika, wakulima watakucheka, na watakuwa na haki. Chama nacho kipimwe kwa swali la bei.

Mengine ni ya utendaji. Omba mapema kibali cha Bodi ya Filamu na ruhusa ya mwenye filamu. Kutotoza kiingilio hakukuondolei hayo. Simamisha filamu kila baada ya sehemu, mtu aeleze kwa Kiswahili. Anza saa nane mchana, si jioni, la sivyo watu wa Machame watatoka katikati ya mjadala kuwahi daladala, mbaki wanafunzi na wahadhiri mkikubaliana. Mkulima azungumze kabla ya profesa. Na usipeleke mwaliko kwa wenye majina kwenye daftari la chama peke yao, maana mara nyingi ni wanaume, ilhali kuchuma na kuosha kahawa ni kazi ya akina mama pia. Waalike nao, na uwape kipaza sauti mapema.