Simu Mkononi mwa Mtoto: Nani Anamfundisha Kusema?



Ndugu zangu wanafunzi, kwetu pwani ya kaskazini mwa Cabo Delgado simu si pambo. Tangu mashambulizi yaanze Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na hasa baada ya Palma kuvamiwa Machi 2021, kwa simu tumejua nani yu hai na amekimbilia wapi. Simlaumu mzazi kuwa nayo. Nazungumzia pale anapopewa mtoto wa mwaka mmoja ili anyamaze.

Mtoto huizoea upesi kwa sababu skrini humjibu kila anapoigusa. Ukiichukua, analia; ukimrudishia, ananyamaza. Amejifunza kwamba kilio hurudisha simu, lakini hajajifunza kujituliza.

Zito zaidi ni lugha. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti juu ya watoto wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina. Waliozungumzishwa na kuchezeshwa ana kwa ana walizitambua sauti za lugha ile. Walioonyeshwa mambo yaleyale kwa video hawakujifunza. Mtoto mchanga anahitaji mtu anayemtazama na kumjibu. Kwa hiyo kuzungumza kwa video na baba aliye mbali si sawa na katuni: baba hujibu. Tena katuni nyingi zinazotufikia ni za Kireno au Kiingereza. Bibi akiacha kumsemesha mjukuu Kimwani, simu haitamfundisha.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

Nasi tuna mfano bora. Mtume (S.A.W.) alikuwa akimsemesha Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, akimuuliza habari za kindege chake. Alizungumza na mtoto juu ya jambo la mtoto.

Basi likizo hii, uwe nyumbani au kambini, mpe mdogo wako kifuu cha nazi au sufuria achezee, mtajie kila kitu kwa lugha ya mama yake, na simu isilale naye. Mtoto ni amana, na amana huulizwa.

Wabillahi tawfiq.