Mita ya Umeme ni Mizani: Somo kwa Makatibu na Wanachama

Mwanachama wa chama cha msingi hahitaji kufundishwa thamani ya mizani. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, wakiwa wamechoka kupunjwa kwenye vituo vya kununulia, walianza kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na juhudi hizo vikazaliwa vyama vyao, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Leo kuna mizani nyingine ukutani mwa ghala, ofisi na nyumba ya mwanachama, nayo haitazamwi kwa makini yale yale. Mizani hiyo ni mita ya umeme.

Yafaa kwanza kuielewa mita iliyozoeleka, yaani ile ya LUKU. Mita hiyo hupima, huhesabu na hukata umeme salio likiisha, lakini haizungumzi na mtu yeyote. Habari pekee inayoipokea ni zile tarakimu 20 zinazobonyezwa kwa kidole. Ukimya wake ulidhihirika mwaka 2024. Kila tokeni hubeba ndani yake wakati iliotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993, ili mita iweze kuikataa tokeni iliyokwisha kutumika. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo hutosha dakika 16,777,216 tu, nazo zilitimia Novemba 24, 2024. Kwa kuwa mita haikuwa na njia ya kupelekewa habari kutoka mbali, ilibidi kila mteja aingize kwa mkono wake tokeni mbili za marekebisho kabla ya ile ya uniti. Makatibu waliochelewa walijionea mita ikizikataa tokeni mpya.

Mita janja ni kitu kingine. Hiyo ina mdomo na masikio. Kwa kupitia mtandao wa simu, mawimbi ya redio au nyaya zenyewe za umeme, hupeleka vipimo kwa shirika na kupokea amri kutoka huko: kukata, kurudisha, kubadili bei. Faida zake si za kubezwa. Umeme ukikatika, shirika hujua bila kusubiri simu ya mteja. Wizi wa umeme hugunduliwa mapema. Na msoma mita hana haja ya kuingia uani.

Lakini msoma mita wa zamani alichukua namba 12 kwa mwaka. Mita inayopeleka kipimo kila nusu saa huchukua 17,520. Tofauti hiyo si ya wingi tu. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, George Hart, ambaye alikuwa amebuni njia ya kutambua kila kifaa cha nyumbani kwa kuangalia umeme unaoingia katika nyumba nzima, aliandika kuonya kwamba ujuzi huo waweza kugeuzwa kuwa upelelezi. Jokofu lina namna yake ya kuwaka na kuzima. Pasi ina yake. Pampu ina yake. Mwenye kuzisoma namba hizo hujua watu wa nyumba wameamka saa ngapi, na ni siku zipi nyumba haikuwa na mtu.

Waholanzi walilichukulia jambo hili kwa uzito. Serikali yao ilitaka mita janja iwe ya lazima katika kila nyumba, lakini Aprili 2009 Baraza la Juu la Bunge lao liliukataa mpango huo kwa sababu ya faragha ya wenye nyumba. Sheria ilipita mwaka 2011, safari hii ikiwa na haki ya mteja kuikataa mita hiyo. Ikumbukwe kwamba haikuwa mashine iliyokataliwa mwaka 2009. Kilichokataliwa ni ulazima.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sheria hizi humlinda mtu, na kwa hiyo mwanachama nyumbani kwake anazo za kushika. Chama chenyewe hakina budi kujilinda kwa mkataba. Kabla ya kutia sahihi, kamati iulize na kupata majibu kwa maandishi: vipimo hupelekwa kila baada ya muda gani, hukaa kwa nani, huhifadhiwa kwa muda gani, na umeme ukikatwa kutoka mbali kwa makosa, maziwa yakiwa katika tangi la kupozea, nani atalipa hasara.

Kamera za ghala na vifaa vingine vya intaneti vina hatari ya aina yake. Oktoba 21, 2016 tovuti nyingi maarufu za Marekani zilizimika kwa saa kadhaa. Mashambulizi yalitoka katika kamera na mashine za kurekodi picha zilizotekwa kwa maelfu, kwa kuwa wenyewe walikuwa wameziacha na neno la siri lile lile lililotoka nalo kiwandani. Kuifunga kamera namna hiyo ni sawa na kutumia kufuli ambalo ufunguo wake unauzwa sokoni. Neno la siri libadilishwe siku ile ile fundi anapoondoka, tena bila yeye kulijua.

Hata hivyo hakuna mkataba unaoweza kuchukua nafasi ya daftari. Katibu asome mita kila Jumatatu saa ile ile na kuandika. Kwa mita ya LUKU, salio la zamani hujumlishwa na uniti zilizonunuliwa, kisha salio la sasa hutolewa.

Zoezi la kamati. Jumatatu salio lilikuwa 86.4, zikanunuliwa uniti 150, Jumatatu iliyofuata salio likawa 98.7. Matumizi ni uniti 137.7. Katikati ya juma hilo salio la saa 12 jioni lilikuwa 120.3, na la saa 12 asubuhi 108.3, ilhali ofisi na ghala vilifungwa usiku kucha. Uniti 12 kwa saa 12 ni sawa na kilowati 1 bila kupumzika. Kilichokuwa kikiwaka ni kifaa gani? Na kama mita hiyo ingekuwa janja, nani angekuwa amelijua jambo hilo kabla katibu hajafungua mlango?