Kutafuta Hitilafu ya Waya kati ya Simu ya Mlangoni na Lango la Umeme

Utangulizi

Mji wa Kasulu umejengwa katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi. Kwa miaka mingi umeme wa Kasulu, na wa jirani yake Kibondo, ulitoka katika jenereta za dizeli. Mwaka 2022 wilaya hizo ziliunganishwa na gridi ya taifa. Umeme wa kutegemewa unapofika mahali, hauleti taa na redio peke yake. Huleta pia mitambo ambayo hapo awali ilionekana kuwa ni ya miji mikubwa tu, mathalani lango linaloendeshwa na mota, na simu ya mlangoni ambayo mafundi huiita intakomu.

Mitambo hiyo inapoharibika, aghalabu mwenye nyumba huambiwa anunue kifaa kipya. Pengine hununua, akakifunga, na hitilafu ikabaki pale pale, kwa kuwa haikuwa ndani ya kifaa bali katika waya unaoviunganisha vifaa viwili. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitafuta hitilafu ya namna hiyo kwa kutumia kanuni ya Ohm, iliyochapishwa mwaka 1827, na mita ya umeme ambayo shule nyingi za sekondari zinaweza kuwa nayo.

Vifaa viwili, desturi mbili

Ichukuliwe, kwa ajili ya somo hili, nyumba ya mjini Kasulu iliyo meta 40 kutoka langoni. Mgeni hubonyeza kengele. Aliye ndani huinua mkono wa simu, huzungumza naye, kisha hubonyeza kitufe cha kufungulia. Kitufe hicho hupeleka habari kwenye bodi ya lango, na bodi huiwasha mota.

Swali la kwanza ambalo fundi hapana budi kuuliza ni hili: je, mtambo huu umewahi kufanya kazi? Kama haujawahi tangu ulipofungwa, kosa huenda likawa katika namna ya kuunganisha. Kama ulifanya kazi kisha ukaacha, kuna kitu kilichobadilika, nacho ndicho cha kutafutwa.

Kosa la kuunganisha lililo la kawaida hutokana na tofauti ya desturi za vifaa. Simu nyingi za mlangoni zimetengenezwa ili kufungua kitasa cha umeme. Kitasa hicho ni sumaku-umeme. Kitufe kikibonyezwa, simu hukipelekea umeme, mara nyingi wa volti 12. Bodi ya lango haihitaji kupelekewa umeme. Ina ncha mbili, moja ya agizo la kuanza na nyingine ya pamoja, zenye volti yake yenyewe iliyo ndogo. Kinachotakiwa ni ncha hizo ziguswe pamoja kwa muda mfupi, kama swichi ya taa inavyogusanisha waya mbili. Mguso wa namna hiyo huitwa mguso usio na volti.

Fundi akizipelekea ncha hizo volti 12 za simu, lango halitasogea, na huenda bodi ikaungua. Tiba ni kuweka rilei katikati. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku-umeme: umeme wa simu hupita katika koili yake, na koili huvuta viguso ambavyo havishirikiani umeme na koili hiyo. Viguso hivyo ndivyo vinavyofungwa kwenye ncha za bodi. Koili lazima ilingane na simu kwa kiasi cha volti na kwa aina ya mkondo, kwani koili ya mkondo mnyoofu ikipewa mkondo geu hutetemeka na kulia bila kushika.

Kuugawa mtambo

Sasa ichukuliwe kuwa simu ya nyumba hii ina rilei yake ndani, na kwamba mtambo umefanya kazi vizuri kwa mwaka mzima. Mvua zikaanza. Usiku mmoja lango likafunguka lenyewe na kukataa kufungwa, na nyumba ikalala wazi. Mwenye nyumba anashauriwa anunue bodi mpya. Je, ushauri huo ni sahihi?

Njia ya kujibu ni kuugawa mtambo katika sehemu, na kuipima kila sehemu peke yake.

Kwanza, langoni, waya mbili zinazotoka kwenye simu zitolewe katika bodi. Lango likianza kutii rimoti yake kama kawaida, bodi ni nzima. Kisha ncha mbili za agizo, zilizotambuliwa kwa kitabu cha mtengenezaji, ziguswe pamoja mara moja kwa kipande cha waya. Lango likisogea, nusu ya mtambo imeondolewa mashaka, na fedha za bodi mpya zimeokolewa.

Pili, ndani ya nyumba, waya zitolewe kwenye simu, na mita iwekwe kati ya ncha zake za kufungulia. Kitufe kisipobonyezwa, mita ioneshe kwamba mkondo haupiti. Kikibonyezwa, ioneshe ukinzani ulio karibu na sifuri. Ikiwa ni hivyo, simu nayo ni nzima.

Tatu, umebaki waya wenyewe. Ncha zake zote zikiwa zimefunguliwa pande zote mbili, hupimwa mara mbili. Kipimo cha kwanza hufanywa ncha za upande wa pili zikiwa zimeachana: waya mzima hauoneshi mkondo wowote, na ukinzani mdogo huonesha kuwa waya mbili zimegusana, yaani kuna shoti. Kipimo cha pili hufanywa ncha hizo zikiwa zimeunganishwa: waya uliokatika hauoneshi mkondo, na kiungo kilicholegea au kuota kutu huonesha ukinzani mkubwa unaobadilika-badilika.

Lakini waya mzima huonesha kiasi gani? Waya wa shaba wenye kipenyo cha milimeta 0.5 una eneo la milimeta mraba 0.196, na ukinzani wake ni kama omu 0.088 kwa meta. Kwenda na kurudi meta 40 ni meta 80. Kwa hiyo kipimo kitakuwa kama omu 7. Anayejua tarakimu hiyo kabla ya kupima hupima. Asiyeijua husoma mita tu.

Shoti iko wapi?

Katika mfano huu kipimo cha kwanza kimeonesha shoti. Waya umefukiwa, nao una meta 40. Je, udongo wote ufukuliwe? La. Waya wenyewe unaweza kusema mahali ulipoumia.

Urefu wa waya na uitwe L, umbali wa shoti kutoka nyumbani x, ukinzani wa meta moja a, na ukinzani wa mahali pa kugusana r. Kipimo kutoka nyumbani, na kipimo kutoka langoni, ni:

R₁ = 2ax + r
R₂ = 2a(L − x) + r

Ukinzani r haujulikani, lakini ukitoa mlinganyo wa kwanza katika wa pili, r hutoweka:

R₂ − R₁ = 2a(L − 2x)

Tuseme mita imeonesha omu 3.24 kutoka nyumbani na omu 5.00 kutoka langoni. Tofauti ni omu 1.76. Kwa kuwa 2a ni 0.176, L − 2x ni meta 10. Na kwa kuwa L ni meta 40, x ni meta 15. Shimo moja dogo, meta 15 kutoka nyumbani kwa kufuata njia ya waya, latosha. Hapo hukutwa, mathalani, jeraha la jembe lililokwangua ganda la plastiki wakati wa kupanda migomba, na ambalo maji ya mvua na kutu vimelikamilisha.

Njia hii hufaa pale ukinzani wa mgusano ulipo mdogo na haubadiliki. Tarakimu zikiyumba-yumba, pengine ni unyevu tu ulioingia katika kiungo. Basi viungo vyote vikaguliwe kwanza. Kiungo cha chini ya ardhi kitiwe lehemu na kifungwe ndani ya kisanduku kisichopenyeza maji, na waya upitishwe katika bomba ili usifikiwe na jembe wala mchwa.

Tahadhari

Milima ya mashariki ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na nyanda za Kasulu hazikosi radi wakati wa masika. Hakuna kipimo cha waya kinachofanywa mawingu ya radi yakiwa karibu.

Mota ya lango huweza kutumia umeme wa volti 230, unaoua. Upande huo ni wa fundi mwenye leseni. Mwanafunzi hubaki upande wa volti ndogo.

Malango mengi yana jicho la umeme linalolizuia lisimfunge mtu. Fundi mwenye haraka huweza kuliruka jicho hilo kwa kipande cha waya ili lango "lifanye kazi". Lango hilo litakwenda, lakini halitamwona mtoto aliyesimama katikati. Hitilafu haijaondolewa, imehamishiwa kwa mtoto.

Hitimisho

Bodi ilikuwa nzima, simu ilikuwa nzima, na kilichougua ni sentimeta chache za waya. Jambo hilo halikujulikana kwa kubahatisha wala kwa kununua, bali kwa kugawa, kupima na kukokotoa. Njia hiyo hiyo hufaa kwa pampu ya maji, kwa redio na kwa taa za darasani.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kitasa chenye ukinzani wa omu 12 kinapewa volti 12 kupitia waya uliotajwa katika makala haya. Onesha kwamba kinapata volti 7.6 tu. Je, kingepata volti ngapi kama waya ungekuwa wa milimeta mraba 1.5? (Jibu: kama 11.1.)

2. Kwa nini rilei yenye koili ya omu 400 haisumbuliwi sana na waya huo mwembamba?

3. Nyosheni waya mbili zenye maganda, za urefu sawa, darasani. Mwalimu azigusanishe mahali pamoja na kupafunika. Patafuteni kwa vipimo viwili, kisha pafunueni mpime makosa yenu kwa rula.