Kazi ya kundi na umbali wa meza

Ndugu zangu, kila muhula tunapewa kazi za kundi, na kila muhula tunalaumiana kwamba fulani hajibu barua pepe. Hebu tuangalie umbali kwanza. Thomas Allen wa MIT aliwachunguza wahandisi makazini, akaeleza katika kitabu chake cha 1977: kadiri meza zinavyoachana, ndivyo watu wanavyozungumza mara chache. Zikifika mita 50 hivi, mazungumzo ya kazi karibu yanakwisha.

Basi wenye maofisi wakabomoa kuta. Lakini Bernstein na Turban, katika utafiti wao wa 2018 kwenye makampuni mawili, walikuta kuta zikiondolewa maongezi ya ana kwa ana yanapungua kwa asilimia 70 hivi, na ujumbe wa kompyuta unaongezeka! Mtu akijua anasikilizwa na kila mtu, huziba masikio kwa muziki na kuinama. (Mimi maktaba hufanya hivyohivyo.)

Kwa hiyo tafuteni chumba chenye mlango, karibu na mnapopita wote. Na faili liwe moja mtandaoni. Sisi muhula uliopita tulikuwa na nakala nne, na mwenzetu akawasilisha ile isiyokuwa na hesabu zangu.