Orodha Ndefu ya Machapisho: Namna ya Kuipima Kabla ya Kulipia Tiba

Tuchukue mfano. Ni siku ya soko mjini Kasulu. Kando ya marobota ya maharage na madumu ya mawese ipo meza yenye chupa za dawa, na juu yake karatasi yenye picha ya mtu aliyevaa koti jeupe. Maandishi yanasema kwamba mtu huyo ni mtafiti wa kimataifa, mwenye machapisho zaidi ya mia moja kuhusu saratani na matatizo ya homoni. Mama aliyetoka kijiji cha mbali, ambaye amekuwa na uvimbe katika titi kwa miezi minne, anaisoma karatasi hiyo, kisha anauliza bei. Bei ni sawa na thamani ya mbuzi wawili.

Somo hili linahusu maneno yale, «machapisho zaidi ya mia moja». Je, mlaji ananunua nini anapoyaamini?

Chapisho la kitabibu ni taarifa ya utafiti iliyopelekwa kwenye jarida la kitaalamu, ikasomwa na wataalamu wengine wasiohusika na utafiti huo, ikasahihishwa, ndipo ikachapwa. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Yapo pia majarida yanayochapa chochote mradi mwandishi amelipa ada, na zipo taarifa fupi za mikutano ambazo hazikupitiwa kwa kina. Yote hayo huweza kuingia katika orodha moja, na hesabu haitofautishi. Machapisho mia yanaweza kuwa na uzito mdogo kuliko moja.

Kuhusu hilo moja, Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye alimwona mtoto mwingine mwenye hali ileile, akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali. Mwaka 1958 alichapisha makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza, akieleza habari za watoto 38. Wakati huo hakuwa na jina kubwa wala maabara ya kifahari. Alichokuwa nacho ni wagonjwa aliowaona kwa macho yake, waliohesabiwa na kuelezwa kwa namna ambayo daktari mwingine popote angeweza kulinganisha na wagonjwa wake mwenyewe.

Kisha akafanya jambo ambalo matangazo ya dawa hayalifanyi kamwe: alitoka kwenda kuhakikisha. Mwishoni mwa mwaka 1961, Tanganyika ikiwa inajiandaa kuupokea uhuru wake, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, safari ya wiki kumi na takriban kilomita 16,000. Katika kila hospitali waliyoifikia waliuliza kama ugonjwa huo unaonekana hapo. Ramani iliyotokana na safari hizo ilionyesha kwamba ugonjwa hupatikana zaidi penye joto na mvua, na huwa nadra katika nyanda za juu sana.

Burkitt alidhani kwamba mbu ndiye anayebeba kirusi cha ugonjwa huo. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi kwa darubini ya elektroni katika chembe za uvimbe huo, lakini kirusi hicho huenezwa kwa mate. Mbu anahusika kwa njia nyingine, kupitia malaria. Ramani ilisimama, maelezo yake yakarekebishwa na watu wengine, na hakuna aliyeficha kitu. Kwa upande wa tiba, Burkitt alieleza jinsi uvimbe ulivyonywea kwa dozi chache za dawa, lakini hakuachiwa aseme peke yake. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo maalumu cha kutibu saratani hiyo, ambamo madaktari walilinganisha dawa na kuwafuatilia watoto kwa miaka, wakaandika nani aliendelea kuwa mzima na nani ugonjwa ulimrudia. Kituo hicho ndicho mzazi wa Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo.

Jambo lisilopendeza sana ni kwamba jina la Burkitt lilipokwisha kuwa kubwa, katika miaka ya 1970, alieneza kwa nguvu hoja kwamba chakula chenye nyuzinyuzi nyingi huzuia saratani ya utumbo mpana. Hoja hiyo ilipopimwa kwa watu wengi, majibu hayakulingana: utafiti wa wauguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 haukuona kinga hiyo, na ule wa nchi kadhaa za Ulaya uliochapishwa mwaka 2003 uliiona. Mtu ni yuleyule, uaminifu ni uleule, lakini uthibitisho wa machapisho yake haukuwa na nguvu sawa. Kwa hiyo hata mtafiti wa kweli haaminiwi kwa jumla. Kila chapisho husimama kwa miguu yake.

Turudi nyumbani na tuzungumzie homoni. Wazee wa Kibondo na Kasulu wanalijua rovu, ule uvimbe wa shingo unaotokea tezi inapokosa madini joto ya kutengenezea homoni. Nyanda za juu nyingi zilisumbuliwa nalo kwa kuwa mvua huosha madini hayo udongoni. Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, na katika miaka ya 1990 ikaagiza kwamba chumvi ya kula itiwe madini hayo. Mkoa wetu unaijua habari hiyo vizuri, maana chumvi ya Uvinza ni yetu.

Mwaka 2009 wanauchumi watatu, Erica Field, Omar Robles na Máximo Torero, walichapisha katika jarida linaloheshimika matokeo kuhusu vidonge hivyo vya Tanzania. Walisema kwamba watoto ambao mama zao walivipata wakati wa ujauzito walisoma zaidi kwa kati ya mwaka 0.35 na 0.56, na kwamba wasichana walinufaika zaidi. Matokeo hayo yalisambaa duniani. Baadaye watafiti wengine, Niklas Bengtsson, Fredrik Sävje na Stefan Swartling Peterson, waliirudia kazi hiyo hatua kwa hatua. Waliona kwamba njia ya kukisia ni watoto gani waliofikiwa na vidonge ilikuwa na kasoro, na kwamba kasoro ikirekebishwa tofauti ile hupungua kiasi cha kutoweza kutenganishwa na bahati nasibu. Mlaji asielewe vibaya: kwamba madini joto huzuia rovu ni jambo lililothibitishwa mara nyingi, na chumvi yenye madini joto iendelee kununuliwa. Kilichotiliwa shaka ni kile kipimo cha miaka ya shule, kilichotoka katika chapisho moja ambalo lilikuwa bado halijarudiwa na mtu mwingine.

Kasoro ya hesabu ni jambo moja, udanganyifu ni jambo jingine. Mwaka 2006 Anil Potti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na wenzake walichapisha makala iliyodai kwamba jeni za uvimbe zinaweza kuonyesha dawa ipi itamfaa mgonjwa gani wa saratani. Wagonjwa waliingizwa katika majaribio kwa msingi wa madai ya namna hiyo. Wanatakwimu wawili, Keith Baggerly na Kevin Coombes, walijaribu kuirudia hesabu ikakataa. Mwaka 2010 ikagundulika pia kwamba Potti alikuwa amejipa katika wasifu wake heshima ya kimasomo ambayo hakuipata. Majaribio yalisimamishwa na makala zikaondolewa moja baada ya nyingine. Orodha yake ilikuwa ndefu, na hata sasa anayehesabu majina ya makala bila kutazama kama limeandikwa neno la kuondolewa ataiona ndefu.

Je, yule mama wa Kasulu afanye nini? Haimpasi kusoma majarida. Amwombe muuzaji jina la makala moja tu inayohusu dawa ile iliyo mezani, si makala nyingine za mtu yule. Kijana mwenye simu anaweza kulitafuta jina hilo bila malipo katika PubMed, hazina ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Makala ikipatikana, atazame kama dawa ilijaribiwa kwa watu au kwa panya na chembe za maabara. Dawa nyingi zilizoua chembe za saratani kwenye kichupa hazikumfaa mgonjwa yeyote. Atazame pia kama waliopewa dawa walilinganishwa na wasiopewa, na kama makala haijaondolewa. Muuzaji akijibu kwamba utafiti ni siri ya kampuni, basi hakuna chapisho la kuzungumzia.

Hapa nchini, dawa ya kisasa lazima iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na anayetoa tiba asili au tiba mbadala awe amesajiliwa chini ya Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Akiambiwa kwamba dawa iko katika majaribio na kwamba yeye atakuwa mshiriki, aombe kuonyeshwa kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa. Kwa kawaida mshiriki wa utafiti hauziwi dawa inayojaribiwa. Anayetoza bei ya mbuzi wawili anafanya biashara.

Bei ile si hasara kubwa kuliko zote. Uvimbe wa miezi minne ukifanywa wa miezi kumi kwa kungoja chupa zifanye kazi, tiba ambayo ingewezekana huweza kushindikana. Mama huyo aende kwanza katika hospitali ya wilaya, ambako uvimbe unaweza kuchunguzwa na akapewa barua ya rufaa kwenda Maweni mjini Kigoma, na kutoka hapo Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kama amekwisha kununua, aichukue chupa aende nayo, amwonyeshe daktari bila kuona haya, maana baadhi ya dawa hizo hugombana na tiba ya hospitali. Risiti, karatasi ya tangazo na kifungashio asivitupe. Malalamiko yasiyo na vitu hivyo ni magumu kuyashughulikia, na muuzaji wa meza huhama soko kwa siku moja.