Nyumba Imejaa, Mioyo Ina Njaa



Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hapa Kitui na Makueni, mvua ikikosa, akina mama hutembea mwendo mrefu na punda kutafuta maji. Kwa hiyo tukiona nyumba ya mawe yenye tangi la lita 10,000 na pikapu uani, husema, "Hawa wamebarikiwa." Ni kweli, wala mali yenyewe si dhambi. Lakini leo tufungue mlango tuingie ndani.

Tuchukue mfano wa familia moja inayofanana na nyingi. Baba ana duka la vifaa vya ujenzi Emali, na wakati wa mavuno hununua ndengu kwa wakulima hadi Kitui. Mama alikuwa mshonaji. Duka lilipokua, aliambiwa aache cherehani kwa kuwa hakosi kitu. Lakini akitaka kumpelekea mamake mzazi kilo mbili za sukari, lazima aombe na kujieleza. Shamba la maembe lilipotafutiwa mnunuzi, yeye alipata habari kwa jirani. Sasa anamwambia dada yake, "Nataka kupanga chumba kimoja Mombasa, nishone nguo za watu. Nitakula muthokoi mtupu, lakini nitakuwa huru."

Na baba je? Usidhani ana raha. Akifika nyumbani anasubiriwa na karo, michango na madeni ya ndugu. Husema, "Hapa mimi ni benki tu. Hakuna anayeniuliza kama nimechoka." Basi anabaki mjini hadi usiku, kwa wale wanaomwita mkubwa mradi ananunua. Naye pia anatafuta uhuru.

Swali la kwanza altareni

Mnakumbuka siku ya arusi yenu? Kabla ya kuweka ahadi, padre aliwauliza kama mmekuja kwa hiari yenu bila kulazimishwa. Kanisa hufundisha kwamba ridhaa iliyotolewa kwa nguvu au kwa woga mkubwa haifanyi ndoa. Basi uhuru si adui wa ndoa. Ndoa imejengwa juu yake. Aliyesema "ndiyo" akiwa huru siku ile anastahili kubaki na sauti miaka 20 baadaye. Kosa letu ni kudhani kwamba baada ya arusi mmoja huamua na mwingine hulishwa.

Wana wawili wa tajiri mmoja

Someni pamoja Luka sura ya 15. Nyumba ile ilikuwa na watumishi, mifugo na mavazi mazuri. Hata hivyo mtoto mdogo alidai urithi akaenda mbali kutafuta uhuru, akaishia kutamani chakula cha nguruwe. Mara nyingi tunamlaumu huyo peke yake. Lakini mtazameni mkubwa. Hakuondoka, ila aliishi kwa babake kama mtumwa, akihesabu kazi zake na mbuzi ambaye hakupewa. Babake akamshangaa, kwa maana vyote vilikuwa vyake.

Katika ndoa kuna wanaokimbia, na kuna wanaobaki wakiwa wamefunga moyo. Wote wawili hawako huru. Uhuru wa wanandoa ni kuweza kusema ukweli bila woga, na kujitoa kwa mwenzako bila kulazimishwa.

Mfano wa watakatifu

Louis na Zélie Martin wa Alençon, Ufaransa, wazazi wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, walioana mwaka 1858. Louis alikuwa fundi wa saa. Zélie alikuwa na biashara yake ya lesi, akiwapa kazi wanawake wengine. Biashara hiyo ilipostawi, Louis hakumwambia mkewe aiache. Mwaka 1870 aliuza duka lake mwenyewe ili amsaidie. Walipata mali, na walipata huzuni pia: kati ya watoto wao tisa, wanne walikufa wakiwa wadogo. Jumapili walikuwa hawafanyi biashara. Tarehe 18 Oktoba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza watakatifu wakiwa pamoja, mume na mke.

Tufanye nini?

1. Tengeni saa moja kila wiki, simu zikiwa zimezimwa. Msianze na karo wala duka. Kila mmoja aseme kinachomchosha na anachotamani, na mwenzake asimkatize.

2. Daftari liwe wazi kwa wote wawili. Mali bila daftari huisha bila habari. Kifungu cha 45 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa mume na mke haki sawa ndani ya ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 nayo yakataza mali ya ndoa ya mke mmoja kuuzwa, kukodishwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili. Mkristo asingoje kukumbushwa na mahakama.

3. Kila mmoja awe na fungu lake dogo asiloulizwa, na kazi ya mikono yake anayoipenda.

4. Mkishindwa, mwoneni padre, au wanandoa wazee wenye busara katika jumuiya yenu ndogo. Na kama kuna kupigwa au hatari kwako au kwa watoto, usinyamaze kwa kuogopa aibu. Kanisa huruhusu mwenye kuhatarishwa kutengana na mwenzake.

Baba mwenye duka, irudishe ile cherehani. Ukimpa mkeo nafasi ya kusema, nawe utapata mtu wa kukuuliza kama umechoka. Mama, kabla ya kufunga mzigo, mwambie mumeo ana kwa ana yale uliyomwambia dada yako. Kisha msikilize naye.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

- Ni jambo gani naogopa kumwambia mwenzangu? Kwa nini?
- Mara ya mwisho tuliamua pamoja kuhusu mali ilikuwa lini?
- Kati ya wale wana wawili, mimi nafanana na yupi?