JINSI YA KUMPENDEKEZEA MWENZIO RIWAYA

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina nia ya kubishana na wahenga, lakini katika habari ya vitabu naona methali hii inachechemea kidogo. Riwaya nzuri haiwezi kujiuza ikiwa imefungiwa kabatini. Lazima mtu aichukue, aisome, kisha amwambie mwenzake.

Wanafunzi wenzangu, tuseme ukweli. Wengi wetu tunasoma riwaya moja tu katika miaka yote minne, nayo ni ile inayotahiniwa. Kwa sasa ni Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Waliotutangulia walikuwa na Chozi la Heri ya Assumpta Matei, na kabla yao kulikuwa na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Wengine hata hiyo moja hawaisomi! Wananunua mwongozo, wanakariri maudhui na sifa za wahusika, basi. Mtihani ukiisha, kitabu kinafungiwa maandazi. Mtu anatoka kidato cha nne akijua kujibu maswali ya "jadili" na "fafanua", lakini hajawahi kukesha na hadithi kwa hiari yake. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu kijana anaweza kuyaona ndani ya riwaya mambo yanayomsumbua moyoni bila kuulizwa maswali na mtu yeyote.

Je, dawa ni nini? Walimu wetu wanajitahidi sana, lakini mwalimu akisema kitabu ni kizuri, sisi tunasikia "kitakuja kwenye mtihani". Mwanafunzi mwenzako akisema hivyo hivyo, unamsikiliza. Kwa hiyo kazi hii ni yetu. Ila ina utaratibu wake, na hebu tuuangalie.

1. Mjue msomaji kwanza

Ukiulizwa, "Nisome nini?" usikimbilie kutaja kile ulichokipenda wewe. Muulize yeye anapenda mambo gani. Anayependa upelelezi, mpe Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla. Humo atakutana na Bwana Msa na kiko chake, akichunguza kifo cha kutisha. Anayependa safari, mpe Siku Njema (1996) ya Ken Walibora. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba yake, na sisi Wakenya tutaiona nchi yetu kwa macho ya mgeni. Anayependa historia, mpe Kuli (1979) ya Adam Shafi, inayohusu wafanyakazi wa bandarini Unguja na mgomo wao wa mwaka wa 1948.

2. Sema jambo moja la kweli

Kusema "ni tamu" au "iko poa" hakumsaidii mtu. Hata muwa ni mtamu! Mweleze jambo linaloanzisha hadithi. Kwa mfano, ukipendekeza Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, sema hivi: "Kuna msichana anaitwa Maimuna. Babake, Bwana Maksuudi, amemfungia nyumbani, haruhusiwi kuona ulimwengu. Halafu siku moja anatoka." Kisha nyamaza. Mwenzako atauliza, "Ehe, ikawaje?" Usimjibu. Mpe kitabu. Kumwambia mwisho ni kumlisha chakula ulichokwisha kukitafuna.

3. Usifiche ugumu

Mtu akidanganywa mara moja, hatakuamini tena. Siku Njema imejaa methali na misamiati mizito, basi mshauri awe na kamusi karibu, lakini asisimame kwenye kila neno. Utengano na Kuli zina Kiswahili cha Unguja ambacho sisi wa bara hatujakizoea. Baada ya sura mbili tatu sikio litazoea.

Kuna ugumu mwingine usio wa lugha. Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania kwa sababu inazungumzia mapenzi waziwazi. Baadaye ilikubaliwa, ikasomwa shuleni. Inamhusu msichana wa Ukerewe ambaye baba yake ni mlevi, lakini ni mkali ajabu binti akionekana na mvulana. Nani kati yetu hajasikia habari kama hiyo mtaani kwake? Kwa maoni yangu, riwaya hii inafaa kidato cha tatu na cha nne, si madarasa ya chini. Tena mwonye mwenzako kuwa ni hadithi ya majonzi. Aliye na huzuni ya karibuni, mpe kwanza kitabu kingine. Huenda baadhi ya walimu wetu wasikubaliane nami, nami nawaheshimu. Lakini naamini kwamba kijana anayesoma juu ya hatari akiwa ameketi salama ana nafuu kuliko yule anayekutana nayo njiani bila kuijua.

4. Pima wakati wake

Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Mtu anafika nyumbani jioni, anachota maji, anapika, anawaangalia wadogo zake, kisha kuna kazi ya Hisabati inamngoja. Usimwambie, "Imalize wikendi hii." Mwambie asome kurasa kumi kila usiku. Kwa mwezi mmoja hizo ni kurasa 300, yaani riwaya nzima na pengine zaidi. Akifika ukurasa wa thelathini bila kupendezwa, airudishe, wala asione haya. Kuacha kitabu kimoja si kuacha kusoma.

Zoezi

(a) Chagua riwaya moja uliyoisoma mpaka mwisho, si kupitia mwongozo. Andika sentensi tatu za kumvutia mwenzako bila kufichua mwisho.
(b) Taja ugumu mmoja wa riwaya hiyo, na jinsi msomaji anavyoweza kuushinda.
(c) Mtafute mwanafunzi mmoja wa darasa la chini yako. Muulize anapenda nini, kisha mtafutie kitabu kinachomfaa. Baada ya wiki mbili, muulize amefika wapi.

Swali la (c) ndilo lenye alama nyingi. Vitabu vya chama chetu ni vichache, lakini vikipita mikononi mwa watu wengi vitatutosha. Kiswahili kitukuzwe!